Fomu Niliyoitengeneza kwa Mikono Yangu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, maana dada yangu akilisimulia yeye huongeza chumvi, na chumvi iliyopo inatosha.

Miaka miwili nyuma mpwa wangu, binti wa dada huyo, alipata nafasi ya kusoma kompyuta chuo kikuu. Nikaenda kwao na vyeti vyangu vitatu vya mitandao, nikavitandaza mezani kama mcheza karata.

"Miaka minne darasani ya nini?" nikamwambia. "Mimi chuo kikuu nimeingia mara moja tu, kuwatengenezea printa. Fanya mitihani ya vyeti, mwaka mmoja uko kazini."

Dada akanuna. Binti akanisikiliza mimi, nafasi akaiacha.

Akafaulu mitihani miwili, wa pili kwa kuurudia. Kazi haikuja. Kila tangazo lilitaka shahada, naye akawa anashinda kwenye duka la uchapaji, akiwapigia wenzake chapa barua zao za kuomba kazi.

Halafu mlango ukafunguka, au nilidhani hivyo. Kwenye ghala la dawa ninakohudumia kompyuta arobaini peke yangu, mkurugenzi alikubali nipewe msaidizi. Afisa utumishi akaniletea karatasi: "Andika sifa unazotaka, tia sahihi, kisha tengeneza fomu ya maombi mtandaoni."

Hapo kichwa kikavimba. Nikafungua tangazo la kampuni moja kubwa, nikanakili: shahada ya kompyuta, uzoefu wa miaka mitatu. Nilishajiona nikimtuma mwenye joho aniletee ngazi. Mpwa wangu nikampigia simu: "Tuma tu, mwanangu. Hizo sifa ni mapambo. Mjomba wako yuko ndani."

Nilichosahau ni swali la kwanza la fomu baada ya jina na anwani: Una shahada? Ili nisisumbuliwe na maombi mengi, nilikuwa nimeielekeza fomu kwamba anayejibu Hapana aagwe palepale. Binti akajibu Hapana. Akaagwa, kwa barua pepe niliyoitunga mimi, "tunakutakia kila la heri" na kila kitu. Nami nikaja kujua wiki moja baadaye, orodha ya waliopita ilipotoka bila jina lake.

Nikaenda mbio kwa afisa utumishi. "Mrudishe huyu binti, kazi anaijua kuliko mimi!"

"Orodha iko kwa mkurugenzi tangu asubuhi. Imefuata sifa zako. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu. Lakini shahada hata mimi sina!"

"Najua," akasema, akikoroga chai yake. "Nilipoisoma nikadhani umetambua ulichokuwa unakosa."

Nikarudi kwenye kijichumba changu kando ya choo, nikaifungua ile fomu kwa jina langu, mimi mwenye miaka kumi na moja ya kazi, nikajibu Hapana. Ikanitakia kila la heri kabla sijainua kidole.

Jioni nikaenda kwa dada. Binti alikuwa mezani na kompyuta yake. Badala ya kuomba radhi nikaanza kufoka.

"Si ungejibu Ndiyo tu! Ungepita, mengine ningeyamaliza mimi."

"Nianze kazi kwa uongo, mjomba?"

"Lile swali ni la kuzuga. Nani asiyejua?"

"Mimi. Chuo nilikiacha kwa sababu nilidhani unayosema unayaamini."

Jikoni, dada akaacha kuosha vyombo ili asikie vizuri.

"Nilitaka tangazo lipendeze," nikasema.

"Limependeza. Nimelichapa nakala sita dukani, kila mteja alilisifu."

Nikalegeza sauti. "Basi sikia. Omba chuo tena. Safari hii shahada, mwanangu. Nakushauri kwa moyo mweupe kabisa."

Akaifunga kompyuta polepole.

"Ya mdomoni nimeshayafuata mara moja, mjomba. Hayo mapya yaandike, uyatie sahihi. Unachoamini wewe hukisemi, unakisaini."