Mshindi wa Mbio za Mikungu

Tangu asubuhi sikutulia. Nakaa, nasimama, nanywa maji, nayatema. Mbio za Mikungu nilizianzisha mimi, Mwamvita, kwa simu na ubishi tu: vijana wanashuka mlimani kutoka Choma hadi hapa Kilakala, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, na Salehe anawafuata akiwarusha moja kwa moja mtandaoni. Watu wanatutazama hadi Oman huko. Wadhamini nimewapigia magoti hadi yameota sugu, na leo ndiyo kwanza kampuni ya vinywaji imemleta mtu, Oscar, na bango, na kikombe, na mkataba ambao bado hajausaini. Mabosi wake walikuwa wanatazama kutoka Dar. Nikiukosa ule mkataba, mbio zinakufa leo leo, maana kuombaomba nimechoka.

Katikati ya mteremko picha ikatikisika, kisha skrini ikawa nyeusi. Tukasikia nyayo nyingi na wanaume wakileta shahada, halafu sauti ya Salehe, chini chini: ni jeneza la Mzee Mansuri wa Choma, na yeye Salehe anaweka simu mfukoni.

Mzee alifariki alfajiri hospitali ya mjini. Gari huishia Bigwa, kutoka pale maiti hupanda kwao kwa mabega ya watu. Na kwetu ukikutana na jeneza unatua ulichobeba, unalipokea begani, hata kama unafukuzwa na nyuki.

Oscar akauliza wakimbiaji watafika saa ngapi. Nikamwambia wamegeuka, wanapanda kwenda kuzika. Akacheka, akadhani namtania. Kisha akaninong'oneza nitume mtu akawarudishe njiani, mabosi wanapiga simu. Nikamwambia aende mwenyewe. Mdomo wangu huu!

Mara mtu akatokea kwenye kona, peke yake, mkungu kichwani. Rehani, mdogo wangu wa kuzaliwa.

Oscar akaruka na kikombe chake. Wanawake waliokuwa tayari kwa vigelegele wakafunga midomo. Anayefika na mzigo hupokelewa, hata mtoto anajua, lakini hakuna mkono ulioinuka. Rehani akasimama chini ya bango, shingo inamtetemeka, huku Oscar akimpiga picha na kuniambia nimkabidhi kikombe, naye Oscar asaini mkataba pale pale.

"Dada, nitue," Rehani akasema.

Nikamuuliza kama aliliona jeneza.

"Nililiona. Niliwapisha, nikapita. Huyu mdhamini ukimkosa, nani atakubembeleza?"

Nilimkasirikia na nilimpenda kwa pamoja, hadi sikujua nimzabe kibao au nimkumbatie. Nikamtua mkungu. Oscar akanisogezea kikombe, nikamwambia mshindi hajafika, wenzake Rehani bado wanazika. Akasema basi hakuna mkataba.

"Sawa," nikamwambia.

Nikajifunga khanga, tukaanza kupanda, Rehani mbele: yeye makaburini, mimi kwa wafiwa. Nyuma yetu walikuwa wanashusha bango. Nililia njia nzima, na yeye akajifanya hasikii.