Sabiha Aliyeketi Mbele

Asubuhi ya kongamano la wahandisi mjini Bungoma, Dkt. Sabiha alifika mapokezi ya hoteli na viatu vyenye matope ya Sirisia, akaomba beji yake. Alikuwa mkuu wa idara ya ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi huko Kitale. Safari hii alialikwa chini ya mpango wa kuwasaidia viongozi wa vyuo ambao hawaonekani sana kwenye makongamano kama hayo: wanawake, Waislamu, watu wa mbali na Nairobi. Sabiha alikuwa yote hayo kwa pamoja, na waandaaji walimpenda sana.

Phelista, aliyekuwa mezani pa mapokezi, alimtazama. "Lakini daktari, si uliingia saa ile? Beji nimekuvalisha mimi mwenyewe."

"Mimi ndio nafika sasa."

"Basi uko ndani," Phelista akasema kwa upole, akampa beji isiyo na jina.

Ukumbini Sabiha alijiona ameketi safu ya mbele, kando ya mwenyekiti, Mhandisi Mukhwana. Alikuwa yeye kabisa, na hijabu ile ile ya kijani, ila viatu vya yule vilikuwa safi. Alikuwa anatabasamu. Mpiga picha alimpiga picha kutoka kulia, akazunguka, akampiga nyingine kutoka kushoto. Sabiha akatafuta kiti nyuma karibu na mlango wa jikoni, maana hakujua afanye nini kingine.

Kilichomleta ni daraja la miguu lililokuwa likijengwa karibu na Sirisia ili wanafunzi wavuke kwenda shule. Yeye na wanachuo wake walichimba kando ya nguzo ya katikati wakakuta msingi umekaa juu ya mchanga. Mto ukijaa, maji yangeula ule mchanga, na nguzo ingelala. Siku hiyo kongamano lilikuwa liidhinishe ramani ya kumalizia daraja, na yeye alipewa nafasi ya kuzungumza kwanza.

"Tumsikilize Dkt. Sabiha wa Kitale," Mukhwana akasema.

Wakasimama wote wawili. Wa mbele akapokea kipaza sauti, akatabasamu, akainamisha kichwa, akaketi. Ukumbi ukapiga makofi.

"Msingi umekaa juu ya mchanga," Sabiha akasema kutoka nyuma.

"Mama, ngoja kidogo," Mukhwana akamjibu bila ubaya. "Sauti ya akina mama tumeshaipata."

Ramani ikapita.

Wakati wa chai alimkuta yule mwenzake wa viatu safi dirishani, ameshika andazi.

"Mbona hukusema?"

"Habari ya mchanga naijua," yule akajibu. "Si tulichimba pamoja?"

"Sasa?"

"Nikisema, hawataniita tena."

Sabiha alitaka kukasirika, lakini sauti ilikuwa yake, na maneno yenyewe aliwahi kuyawaza. Kwa muda hakuwa na hakika ni nani kati yao aliyeyatamka. Mukhwana akapita, akawasalimu wote wawili, akaomba apigwe picha na yule mwenye viatu safi.

Nyumbani Kitale, mumewe Naim alikuwa amekwisha kuona picha kwenye simu. "Umependeza. Walikubali maneno yako?"

"Sijui kama nilikuwako."

Naim akaitazama picha, akamtazama mkewe, akatazama viatu vyake. "Huyu si wewe," akasema, akaenda kumchemshia chai.

Kongamano lililofuata hawakumpigia simu. Mwenzake alikuwa amebaki Bungoma, na ilikuwa rahisi zaidi kwao kumwalika yule. Daraja likakamilika, na ni yule aliyekata utepe.

Mvua za masika zilipoanza, Sabiha akawa anakwenda Sirisia kila alipopata nafasi. Alisimama ukingoni na mwavuli, kule maji ya rangi ya kahawia yalikokuwa yakizunguka nguzo ya katikati, akawasihi watu wavuke mmoja mmoja. Wengine walimsikiliza. Wengine walimsalimu na kupita kwa kundi.

Siku moja mama mmoja aitwaye Jelagat, aliyebeba kikapu cha sukuma wiki, alisimama kumwangalia vizuri.

"Lakini mwalimu, si ni wewe ulikuja hapa kutufungulia hili daraja? Ukatuambia ni zuri?"

Sabiha akafikiria. Alijaribu kukumbuka mkasi mkononi, na hakujua kama anaukumbuka au anaukisia.

"Ni mimi," akasema. "Vukeni mmoja mmoja."