Kitufe cha Utelezi

Hosiana alipouza shamba la miti ya mbao, misindano, lile lililopandwa mwaka aliozaliwa binti yake Anneth, hakununua bati jipya wala hakujenga vyumba vya kupangisha pale Mjimwema kama walivyomshauri wenye akili zao. Alisema anataka gari. Watu wakacheka, maana mwanamke mwenye mvi akisema anataka gari hudhaniwa anataka kubebwa. Yeye alitaka kuendesha. Kuendesha alikujua tangu ujana. Alifundishwa na mumewe Benno ndani ya lori la mbao. Benno alikuwa akisema mke wake hukanyaga klachi kama anaua nyoka. Hosiana hujibu kwamba mradi nyoka anakufa.

Sababu ya gari ilikuwa kilima. Nyumba yao iko bondeni, na ili uifikie lami ya kwenda Njombe mjini sharti upande mwinuko ambao wenyeji wanauita Salikwanza. Kwenye jua unapandika hata na baiskeli yenye gunia la viazi. Ikiingia Juni na Julai, ukungu ukilala mpaka saa nne na manyunyu yakikataa kuwa mvua yakakataa pia kuacha, ule udongo mwekundu unageuka sabuni. Msimu mmoja kama huo Anneth alishikwa na uchungu. Gari la kukodi lilipanda nusu ya kilima, tairi moja la nyuma likabaki linazunguka kwenye tope, la pili limesimama linatazama tu, kama mtu aliyekuja msibani kwa ajili ya chakula. Mtoto akazaliwa pembeni ya barabara, kwenye baridi, na hakulia. Walimzika bila jina.

Sasa Anneth alikuwa mjamzito tena, na tumbo lilikuwa linaelekea Julai ileile. Alikuwa amerudi kwa mama yake, kwa sababu tangu siku ile hakuamini mkono mwingine.

Kwa hiyo walikwenda Makambako, mume na mke, kwenye yadi ya kijana mmoja aitwaye Lenard. Pale yalisimama magari mawili ya porini, ndugu wa tumbo moja, yote meupe, injini ileile. La kwanza lilikuwa la shamba: viti vya kitambaa, ringi za chuma, matairi yenye meno, redio ya kuzungusha kwa mkono. Lakini kando ya gia lilikuwa na loki, yaani kifaa cha kuyafunga matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, moja lisipate nafasi ya kusimama huku mwenzake anahangaika. Hosiana alilielewa jambo hilo upesi. Lilikuwa kama nira ya ng'ombe wa kulimia: ukimwachia mmoja ajipangie, hulimi.

La pili lilikuwa la bosi. Viti vya ngozi, kioo juu ya paa cha kutazamia mawingu, televisheni ndogo mbele ya dereva, ringi zinazong'aa mpaka unajiona meno. Loki halikuwa nayo. Lenard alieleza kwamba watu wanaonunua daraja hilo hawaendi kwenye matope, wanatuma wengine. Badala yake viti vyake vilikuwa na umeme wa kupasha joto. Akamkaribisha Benno akae ajaribu.

Benno alikaa. Mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na miaka ya lori, na baridi ya Njombe ilikuwa ikimpinda kila asubuhi kama ukosi wa koti la zamani. Akaegemea. Hosiana alizunguka yadi yote, akakagua matairi ya gari la shamba, akachungulia uvunguni mpaka kitenge kikashika oili, na aliporudi Benno alikuwa bado amekaa, amefumba macho.

"Baba Anneth, shuka," alimwambia. "Hatukuja kununua jiko."

Benno akashuka, akacheka, akasema kweli, mwanaume gani anapashwa makalio kama kiporo. Wakakubaliana palepale, mbele ya Lenard, kwamba watachukua la shamba. Juma lililofuata Hosiana alikuwa kwenye msiba Ludewa, kwa hiyo akamwachia Benno amalizie mambo na kulileta gari nyumbani.

Aliporudi alikuta la bosi limesimama chini ya mparachichi, linang'aa.

Benno alikuwa ameshajiandaa. Alieleza kwamba la shamba lilikuwa limeshanunuliwa na mtu wa Mbeya, lakini wasihofu, Lenard amefuatilia vizuri na kugundua kwamba hili nalo lina loki, tena ya kisasa, ya kubonyeza. Akamwonyesha kitufe upande wa dereva. Hosiana alivaa miwani, akainama. Kitufe kilikuwa na picha ndogo: kitu kama kiti, na juu yake mistari iliyojipinda.

Akauliza hicho kiti cha nini.

"Huyo ni dereva, amekaa imara," Benno alisema. "Na hiyo mistari iliyopinda ni utelezi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mwalimu wa lori: "Ila usikibonyeze pakavu, Mama Anneth. Utavunja difu."

Hilo la mwisho ndilo lililomtuliza. Alijua kwamba loki haifungwi pakavu, maana gia za ekseli ya nyuma, yaani difu, hukatika. Benno huyohuyo alimfundisha zamani. Uongo ulikuwa umepanda mgongoni mwa ukweli, na Hosiana alimfungulia mlango mwenye kubeba asimwone aliyebebwa.

Basi akaendesha. Alikwenda sokoni, alikwenda mashineni kusaga, alimpeleka Anneth kliniki, na siku zote hizo kilima kilikuwa kikavu. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Benno, ambaye kumtoa kitandani asubuhi ya baridi ilikuwa kazi ya watu wawili na tisho moja, sasa alikuwa wa kwanza kuingia garini. Hata safari ya kununua chumvi alisindikiza. Alikaa kiti cha kushoto, ametulia kama kuku anayeatamia, na aliporudi alitembea amenyooka. Hosiana akamuuliza mgongo unaendeleaje. Benno akasema anafikiri ni maombi.

Hosiana aliamini. Aliamini hata akamkamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimringishia jirani yake Tabea, akampeleka kanisani kuwa sadaka ya shukrani. Akasimama mbele ya usharika akashuhudia kwamba Bwana ameugusa mgongo wa mume wake. Watu wakaimba. Jogoo akanadiwa nje baada ya ibada, akaenda na mzee wa kanisa. Benno alisimama pembeni, ameinamisha kichwa, na mke wake akadhani ni unyenyekevu.

Walikuwa wamepanga Jumatatu wampeleke Anneth Ilembula akasubirie karibu na hospitali. Mtoto hakusubiri Jumatatu. Alianza Jumamosi alfajiri, na kulipokucha bonde lote lilikuwa jeupe, majani ya viazi yamevaa barafu, ukungu umefunga njia. Manyunyu yalikuwa yamenyesha tangu jana yake.

Anneth akalazwa kiti cha nyuma. Pembeni yake akakaa Tabea, ambaye alizalisha nusu ya kijiji kabla hajastaafu uuguzi. Benno akakaa kushoto. Hosiana akashika usukani, akaomba kimoyomoyo kama jina la kilima linavyotaka, akapanda.

Nusu ya kilima, palepale, nyuma ya gari ikaanza kutembea upande. Tairi moja likalia kwenye tope. La pili likasimama. Hosiana aliujua ule mlio. Alikuwa ameusikia mara moja maishani, akawa anausikia usingizini tangu hapo. Lakini safari hii hakuogopa. Alikuwa na dawa yake. Alimwambia Anneth atulie, mama ana loki, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe. Taa ndogo ya manjano ikawaka.

Akakanyaga mafuta. Tairi likazunguka lilelile moja. Gari likarudi nyuma kidogo, likaegemea ukingo. Akabonyeza tena, taa ikaongezeka. Akakanyaga. Matope yakaruka mpaka juu ya kile kioo cha kutazamia mawingu. Benno alikuwa anatazama dirishani, kwenye ukungu, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

Hapo ndipo Hosiana alipoanza kuhisi. Kwanza alidhani ni hofu. Halafu akajua hofu haianzii huko.

"Benno," alisema polepole. "Mbona napata joto?"

Benno akaufuta ukungu kwenye kioo cha dirisha.

"Nakuuliza. Mtoto wangu yuko nyuma hapo. Mbona makalio yangu yanapata joto?"

"Ni kiti, Mama Anneth," Benno alisema. "Ni kitufe cha kiti."

Hosiana alimtazama yule mtu. Alikuwa amelala naye baridi zote za Njombe, amemkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, amemtolea jogoo. Lakini hakupewa muda wa kumjibu, maana Anneth alipiga ukelele, na Tabea akasema kwa sauti kavu kwamba huyu hafiki popote, kazi ni hapahapa, na anataka kiti chenye joto kuliko vyote kilazwe sasa hivi.

Chenye joto kuliko vyote kilikuwa cha Benno. Kilikuwa kimewashwa tangu nyumbani, kwa kitufe cha upande wake.

Wakamtoa Benno nje kwenye barafu. Wakakilaza kiti chake, wakatandika vitenge, wakamhamishia Anneth pale. Na mtoto akazaliwa juu ya ngozi ya bosi, kwenye joto kama la mkate unaotoka tanurini, akalia. Akalia mpaka wanaume wa kijiji waliokuwa wanapanda na kamba na matawi ya miwati kulinasua gari wakasimama njiani kusikiliza. Alikuwa wa kike. Hosiana alilia pia, kwa furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kilichokwama kama mfupa wa samaki.

Gari likavutwa kwa kamba, likafika Ilembula, mama na mtoto wakapokelewa, wakaonekana wazima. Na hadithi ikashuka bondeni kabla yao. Lakini ilishuka imegeuka. Watu walisema Benno ni mtu wa maono. Walisema angesikiliza la mke wake angenunua la viti vya kitambaa, na mtoto angeganda. Mzee wa kanisa, yule aliyekula jogoo, alisema Bwana humtumia hata dereva wa lori. Anneth mwenyewe alimshika baba yake mkono akamshukuru, na Benno akapokea shukrani akikohoa.

Hosiana alijaribu kusema. Alieleza kwamba gari la shamba lingepanda, mtoto angezaliwa Ilembula, kwenye kitanda, mbele ya wakunga. Watu wakamwambia asimkufuru Mungu kwa kupenda loki. Jambo likitendwa vibaya likaishia vizuri, anayedai haki huonekana mchawi. Akaacha kubisha. Mumewe alimdanganya mbele ya kaburi dogo wanalolijua wote wawili, na sasa alitakiwa apike pilau ya kumpongeza.

Akapika. Benno alimwomba msamaha jikoni, kwa sauti ndogo, akisema mgongo ulimshinda. Hosiana akamwambia amesikia. Hakusema amesamehe, na Benno hakuthubutu kuuliza tofauti.

Baada ya hapo Hosiana alikwenda Makambako peke yake, kwa fundi wa umeme wa magari, Nathanieli. Alirudi mchana akiwa na matairi yenye meno, na akiwa mtulivu sana.

Asubuhi iliyofuata barafu ilikuwa nene. Benno aliwahi garini kama kawaida yake, akajikunja kwenye kiti cha kushoto, akabonyeza kitufe. Akangoja. Akabonyeza tena. Akapapasa ngozi kwa kiganja. Ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Cha mke wake kilikuwa na taa mbili za manjano.

"Mama Anneth," alisema, "hiki kimekufa?"

Hosiana aliingiza gia, akatazama Salikwanza mbele yake, njia imekauka kwa jua la jana.

"Hakijafa," alimjibu. "Ila usikibonyeze pakavu, baba. Utavunja difu."