Mume Mwenza wa Bati

Hebu niambieni nyinyi mnaojifanya hamjui wivu. Mwanamume mgeni atokeze juu ya shuka la kitanda chako, mkeo amtazame macho yamemlowa, kisha kesho yake amvae kifuani. Wewe ungecheka? Mimi Assumani, mkamua mawese wa hapa Rumonge, ambaye mikono yangu haitakati hata siku ya Idi, ndiye ninayeambiwa nina wivu wa kijinga. Wivu wa kijinga! Waache waseme. Mashuka yao wao yalikuwa salama ndani.

Meli ya Wadachi wanaotutawala ilikuja kuchukua kuni kama kawaida yake, ila safari ile kitu fulani kikaharibika tumboni mwake, ikalala hapa. Ndani yake mlikuwa na Mgiriki mmoja mnene, anakwenda Usumbura kuwaonyesha wakubwa wa boma picha zinazotembea. Kukaa bure kukamchosha, akasema atatuonyesha na sisi. Lakini mashine yake inatupa picha kwenye nguo nyeupe, na nguo yake ilikuwa chini kabisa ya mizigo. Akaulizia: nani ana shuka jeupe, safi, lisilo na kiraka?

Nani mwingine? Chausiku wangu! Akatoa shuka la amerikani alilopewa na marehemu mama yake siku ya harusi yetu, shuka ninalolalia mimi, na akalitoa mbio mbio bila hata kuniuliza. Likatundikwa kati ya michikichi miwili nyuma ya soko, na baada ya magharibi Rumonge nzima ikakaa chini mbele ya shuka langu.

Sitaki kusema uongo, nilishangaa. Gari la moshi lilipokuja kutukanyaga nilipiga kelele pamoja na wenzangu. Kisha akatokea yeye. Mzungu mwembamba, masharubu yamepindwa juu, mikono imevikwa nguo nyeupe mpaka vidoleni. Anagombana na mkewe kwa jambo ambalo hatukulijua, maana hawana sauti. Mke anaingia ndani, anafunga mlango. Na yule bwana, lo, anavua kofia, anapiga magoti matopeni mbele ya mlango, analia! Mwanamume mzima na masharubu yake! Mlango ukafunguka, mwanamke akamwinua, picha ikaisha.

Wanaume tulicheka mpaka tukakohoa. Wanawake hawakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nilimwangalia Chausiku kwa mwanga wa ile mashine, nikamwona anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Njiani kurudi, shuka amejitwika kichwani, akaniuliza, "Na wewe ungepiga magoti?"

"Mimi? Mbele ya mlango wangu mwenyewe? Ningeuvunja."

Akatangulia mbele na shuka lake.

Asubuhi Mgiriki akaja kubisha hodi, anashukuru. Alikuwa na kimfuko cha vifungo anavyogawa kila anakopita, ili watu waujue uso wa yule mwigizaji na waje wajae kwenye picha zake. Kifungo gani sasa! Hakina tundu, hakipiti uzi, hakifungi kitu. Ni kiduara cha bati, nyuma kina pini, mbele kina uso wa mliaji yule yule, kapakwa wekundu mashavuni, na maandishi ya kwao yamemzunguka. Hapa kwetu Mgiriki alitoa kimoja tu, akampa Chausiku kwa ajili ya lile shuka. Na mke wangu akakipachika hapo hapo, upande wa moyo.

Basi nyumba yangu ikageuka soko. Bi Kulthumu, jirani yetu, ndiye aliyeanza. "Amahoro humu ndani! Hebu tumwone bwana." Akamgusa yule wa bati kidevuni kwa ukucha. "Yee, mama yangu! Iko muzuri hivi, na bado alilia?" Wakaja wengine, wakaja mpaka wa kutoka Muhuta waliokuwa wamekuja kuuza mihogo. Na kila asubuhi Chausiku alimfuta uso yule mtu kwa tone la mawese mpaka akang'aa. Mawese yangu! Mimi sijawahi kufutwa uso na mtu tangu niache kunyonya.

Kule kwenye kinu hawakuniacha. Juma, tunayekamua naye, akasema mbele ya watu, "Assumani, wake wenza tumewazoea. Mume mwenza ndiyo kwanza tunamwona kwako." Wakacheka mpaka chikichi zikawamwagika. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Nikisema mchuzi wa samaki mukeke umezidi chumvi, Chausiku anagusa kile kifungo kwa kidole. "Mwenzio alipiga magoti."

"Alilipwa yule!"

"Basi nikulipe na wewe?"

Sasa mwanamke wa namna hiyo unamjibu nini?

Ikafika Idi. Nilikuwa nimemnunulia kanga mpya, doti nzuri, nimeichagua mwenyewe kwa mikono niliyoisugua kwa mchanga ili nisiichafue. Uani tumeketi wanaume, sinia la wali katikati, na Mwalimu Aruna anayesomesha watoto msikitini yupo, mgeni wetu wa heshima. Chausiku akatoka na birika la kunawia. Amejifunga kanga yangu. Na katikati ya kanga yangu, kifuani, yupo yeye na masharubu yake, anatutazama tukila.

Damu ikanipanda. Nikasimama, tonge bado liko mkononi. "Chausiku! Wallahi, siku nyingine ukimvaa huyo mwanamume kifuani, talaka zako tatu!"

Chausiku akaweka birika chini, akafungua pini polepole, akakifumbata kifungo mkononi. Hakulia, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwalimu Aruna akalirudisha tonge lake kwenye sinia. "Assumani, umesema ngapi?"

"Tatu," nikasema.

"Mtume wee! Mbona umejifunga hivyo, mwanangu? Umezitundika talaka kwenye kile kibati. Siku atakayokivaa, zimeanguka zote tatu. Na huna kumrejea tena, mpaka aolewe na mwanamume mwingine, wakae kweli kama mke na mume, na huyo amwache kwa hiari yake."

"Basi nazifuta."

"Hazifutiki. Neno lilishatoka."

"Basi nakitupa ziwani, tumalize maneno!"

Hapo ndipo Chausiku aliposema. "Kifungo ni changu. Nilipewa kwa shuka langu." Na Mwalimu akatikisa kichwa kumkubalia, kwamba mali ya mtu ni mali ya mtu. Hata yeye akawa upande wao!

Chausiku alikiweka kwenye kikasha cha mbao alichoachiwa na mama yake, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Tangu hapo ndipo nilipoanza kuishi na mume mwenza kweli kweli. Alikuwa ndani ya nyumba, simwoni, na nyumba yote iko mkononi mwake. Nikipandisha sauti kidogo, nasikia bawaba ya kikasha inalia kule chumbani. Kriii. Nashusha sauti. Nikitaka kuuliza kwa nini amechelewa sokoni, nakumbuka ile bawaba, nauliza habari za soko. Mukeke ukizidi chumvi nakula, nasema ahsante. Jioni nikawa naleta samaki mwenyewe, nikawa nachanja kuni mwenyewe.

Watu wakanisifu. "Assumani amekuwa mpole siku hizi." Upole gani, jamani? Ilikuwa hofu tupu. Lakini Chausiku hakujua, au alijua akanyamaza. Akaanza kuimba akitwanga. Akaanza kuniwekea maji ya moto nikitoka kinuni, akanisugua mawese kwenye vidole kimoja kimoja, ananiita mume wangu. Mnafikiri nilifurahi? Nilimwonea wivu huyo Assumani mpole aliyekuwa akisuguliwa vidole. Nilijua si mimi. Nilijua ni kazi ya yule mwenye masharubu, amenifundisha adabu ndani ya nyumba yangu, na sifa anapata yeye.

Siku moja nikasikia kriii, na hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumekula vizuri, tumecheka. Nikanyata mpaka mlangoni. Chausiku amekaa kitandani, juu ya shuka lile lile, kifungo kiko kiganjani, anakitazama na kutabasamu.

"Unafanya nini?"

"Namtazama tu. Sijamvaa." Akakirudisha ndani, hana hata haraka. "Kutazama hukukutaja."

Usingizi ukanipaa. Kumbe hata siku njema anamtaka! Nilifanya yote, samaki, kuni, ahsante za uongo, na bado tabasamu lile ni la mwingine! Asubuhi alipokwenda ziwani kufua, nikachukua mchi wa kutwangia chikichi, nikakipiga kile kikasha. Pigo la kwanza kifuniko kikapasuka. Nikakipiga tena, nafikiri kwa hasira tu. Shanga za mama yake zikatawanyika chini. Nikakitafuta kifungo katikati ya shanga mpaka nikakipata.

Nilikuwa sijawahi kumshika. Alikuwa mwepesi ajabu. Na uso wake, kwa kufutwafutwa kote kule, ulikuwa umekwisha: macho hakuna, wekundu wa mashavu hakuna, yamebaki masharubu na kipande cha kola. Nikasema, wewe ndiye unayenisumbua? Leo utakula na mukeke kule chini ya ziwa.

Nikageuka kutoka. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nguo kichwani, maji yanamchuruzika. Akatazama kikasha. Akatazama shanga. Mimi akanitazama mwisho.

"Kikasha cha mama yangu," akasema.

Ningeweza kusema neno hapo. Nilikuwa nalo, niliona linakuja. Lakini akanyoosha mkono, akasema, "Nipe," na mimi nikaona haulizi habari zangu, anamuuliza yule. Nikakitupa miguuni pake. "Chukua bwana wako!"

Akatua beseni. Akakiokota, akakifuta alama ya kidole changu chenye mawese, akafungua pini. Ndugu zangu, alikuwa na nafasi ya kubadili nia, maana pini ilikosa kitambaa mara nyingi. Nami nilisimama na mchi wangu nikimtazama, kwa sababu nilisema moyoni hathubutu. Pini ikaingia.

"Aliyezisema tatu ni wewe," akasema. "Mimi nimepachika pini tu."

Akaokota shanga zake, nazo hazikuchukua muda. Akafunga nguo zake. Shuka akalikunja, akaliweka kitandani. "Hili nakuachia. Humo hamna mtu." Akatoka kuelekea ufukweni, ambako mtumbwi wa mjomba wake wa Kabezi ulikuwa unapakia chumvi.

Ndipo miguu yangu ikazinduka. Nilimkimbilia, sikumbuki nilipitaje sokoni. Nilipomfikia alikuwa tayari maji ya magotini, na mimi nikaanguka, wallahi nilianguka, kwenye tope la ndagala, hawa dagaa wetu, na magamba, magoti chini, mikono ile myekundu juu, nikalia mbele ya wavuvi, mbele ya Juma, mbele ya Bi Kulthumu. Nililia vizuri kuliko yule mzungu, na mimi sikulipwa na mtu.

Chausiku aligeuka. Nilimwona analia na yeye.

"Mwenzio aliwahi," akasema. Akapanda mtumbwi.

Tangu hapo watu wananipa pole na kunipa elimu. Wananikumbusha maneno ya Mwalimu: hawi wako tena mpaka aolewe na mwingine na aachwe. Basi ikawa kila nikimaliza kuswali namwomba Mungu Chausiku apate mume. Nikifika kwenye amina naimeza nusu. Mimi, niliyeshindwa kumvumilia mtu wa bati, namwombea mke wangu mtu wa nyama!

Juzi Bi Kulthumu amerudi kutoka Kabezi. Akakaa uani kwangu, akakataa maji, nikajua analo neno.

"Eda imekwisha," akasema, "na ameshaposwa. Mvuvi wa ndagala, mgane. Mjomba amekubali, na Chausiku mwenyewe amekubali. Furahi basi, Assumani, si ndiyo njia yako?"

"Ana masharubu?"

"Masharubu ya wapi! Hata nywele hana."

"Tajiri?"

"Tajiri wa harufu ya samaki."

"Sasa Chausiku kapenda nini?"

Bi Kulthumu akacheka kidogo, kisha akaacha. "Huyo mvuvi alikuja kwa mjomba kuuliza habari za nyavu, akamkuta Chausiku anapepeta mchele, amekivaa kile kifungo chake, ambacho sasa hata masharubu hakina. Akakitazama. Akamwambia, 'Kinakupendeza.'"

"Kisha?"

"Kisha nini? Basi, hivyo tu."

Hivyo tu! Mnasikia? Neno lenyewe ndilo hilo! Hata mimi ningeweza kulisema, lingenigharimu nini? Jana nimelijaribu, peke yangu chumbani, nikitandika shuka. Linatoka vizuri tu.