Godoro la Kwenye Noah

Mutalemwa alikuwa hajalala kitandani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Akiwa bado dereva wa lori alianguka kutoka juu ya mzigo akifunga turubai, na ingawa daktari alisema mfupa umeunga vizuri, mgongo haukutulia. Akilala chali, maumivu yalipanda taratibu kutoka kiunoni mpaka shingoni. Akaanza kulala kwenye kochi la sebuleni, ameketi, miguu juu ya stuli, redio ikinong'ona karibu na sikio. Mkewe Georgina, mwalimu mstaafu, alibaki peke yake kwenye kitanda kikubwa, chumbani kwao Buhembe. Kwa Wahaya, salamu ya asubuhi ni kuulizana umelalaje. Georgina alikuwa ameacha kumuuliza. Alimwekea chai, akamweleza kama mvua imenyesha au haikunyesha.

Jumapili moja walikuwa wamekaa nje baada ya misa, wakitazama upepo unavyochezea majani ya migomba, Mutalemwa akasema, "Mama Jovina, kuna kitu nakiota siku hizi nikiwa macho."

"Kitu gani?"

"Bumbire. Nilipokuwa nabeba samaki, nilikuwa nalala ndani ya lori ufukweni, upande wetu huu wa Muleba. Asubuhi ukifungua macho kisiwa hukioni, ni ukungu mtupu. Halafu kinatoka kidogo kidogo, kama mtu anayefikiria kwanza aje au asije."

Georgina alimgeukia. "Twende tukakione. Shamba la kaka yangu Rwegasira linashuka mpaka ziwani. Tutatoa viti vya nyuma, tulale kwenye Noah."

"Nilale kwa mgongo gani?"

"Huo huo ulio nao. Tutatafuta godoro."

Ijumaa Georgina aliingia ndani ya gari na kamba ya mgomba. Alipiga fundo mahali urefu ulipoishia, na fundo jingine kwa upana, pale ambapo bati limeinuka juu ya matairi ya nyuma. Akaiweka kamba kwenye mkoba, wakashuka mjini.

Duka la magodoro la Geeta liko kwenye moja ya nyumba za zamani za Bukoba, zenye milango ya mbao iliyopauka. Geeta alizaliwa humo humo, na Kihaya chake ni cha sokoni, cha haraka. Mwanawe Nirav, ambaye sasa anaishi Dar es Salaam, alifundishwa hesabu na Georgina.

"Mwalimu! Na baba Jovina pia! Karibuni."

Georgina alimweleza shida yao na kumwonyesha kamba. Geeta aliwapeleka nyuma ya duka, akatandika mkeka sakafuni, akaweka godoro la kwanza.

"Lala, baba Jovina."

"Hapa? Watu wanapita."

"Waache wapite. Wateja wote wanabonyeza godoro kwa kidole. Sasa kidole ndicho kitakacholala?"

Mutalemwa alivua viatu, akalala. La kwanza lilikuwa la kujaza upepo, jepesi, linalokunjika likaingia kwenye mfuko. Lilimnyanyua vizuri, lakini Georgina alipojilaza kando yake likamrusha. Kila mmoja alipogeuka, mwenzake aliyumba. "Nimo kwenye mtumbwi," Mutalemwa alisema akishika ukingo. La pili lilikuwa la sponji laini, nene, nalo lilimmeza kiunoni hata wale wanawake wawili wakamvuta mikono ili anyanyuke. Wote watatu wakacheka mpaka Geeta akafuta macho kwa ncha ya mtandio. La tatu lilikuwa gumu. Hapo mgongo ulinyooka, ila bega likaanza kuuma.

"Unalala upande gani?" Geeta aliuliza.

"Nilikuwa nalala wa kushoto."

"Lala hivyo hivyo. Mwalimu, pitisha mkono chini ya kiuno chake."

Georgina alipiga magoti, akapitisha mkono. Ulipita bila kugusa godoro. Alihisi joto la mgongo ule kupitia shati, akakumbuka kwamba hajaugusa tangu siku za kuukanda kwa dawa. Hakuutoa mkono mara moja.

"Umeona hiyo nafasi?" Geeta alisema. "Kiuno kinaning'inia, ndiyo maana kinachoka. Anahitaji kitu kigumu chini cha kumbeba, na chembamba laini juu cha kuziba nafasi hiyo. Na muweke blanketi chini ya vyote viwili, bati la gari lina baridi."

Alileta sponji nyembamba, akaitandika juu ya lile godoro gumu. Mutalemwa alijilaza tena. Mvua ilianza kugonga mabati, kwanza matone machache, kisha ikajaa duka zima. Georgina alisubiri aseme kama linafaa, alipomwangalia akamwona mdomo umefunguka kidogo.

Ndotoni Mutalemwa alikuwa ameingia kwenye nyumba ya bibi yake. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi, na kila alipopiga hatua zilitoa harufu. Bibi hakuwepo, ila sauti yake ilikuwepo, ikizungumza na mtu juu ya ndizi. Hapakuwa na ukuta upande wa pili. Nyasi ziliendelea tu, zikashuka, zikawa maji.

Dukani wateja waliingia, wakaonyeshwa kwa kidole mtu aliyelala, wakashusha sauti wenyewe. Mama mmoja aliyefuata chandarua alitoka kwa kunyata. Geeta alileta chai ya tangawizi, akaketi na Georgina juu ya godoro lililokunjwa.

"Tangu baba Nirav afariki, mimi nalala upande wake," alisema akiitazama mvua. "Upande wangu umebaki kama mpya."

Georgina alimshika mkono. Walikunywa chai hivyo.

Mutalemwa alipozinduka mvua ilikuwa imekatika. "Nimesinzia?"

"Umelala saa moja na nusu," alisema mkewe. Mutalemwa aliona haya, akatafuta viatu. Geeta akachukua kisu cha mkate na ile kamba, akakata pembe za magodoro yote mawili ili yakae kati ya matairi.

Jumamosi walifika kwa Rwegasira jua likiwa limeshaelekea kuzama. Georgina alilaza chupa ya maji kwenye sakafu ya gari na kumwelekeza mumewe asogee mbele, arudi nyuma, mpaka chupa ikaacha kubingirika. Wakatandika. Wakala ndizi na sato aliyechomwa na mke wa Rwegasira, mlango wa nyuma ukiwa wazi, maji yakigeuka rangi ya shaba, kisha ya majivu.

Georgina alijilaza. Mutalemwa alibaki kwenye kiti cha dereva.

"Tangulia. Mimi nitajiegesha hapa mbele."

"Unaogopa."

"Naogopa," alisema bila kugeuka. "Dukani usingizi ulinichukua sikujua. Hapa nimekuja kulala. Ikishindikana hapa, sitajaribu tena."

Georgina alisogea pembeni. "Basi usije kulala. Njoo tuzungumze. Nafasi ipo."

Alikuja akitambaa kwa mikono na magoti, akiguna. Georgina alikunja kitenge chake, akakiweka kati ya magoti ya mumewe ili nyonga zisivutane. Akamwomba asimulie safari za lori. Mutalemwa akasimulia, matairi yaliyopasuka, mvua za Nyakanura, utingo aliyeimba usingizini. Maneno yakaanza kuachana, kama watu wanaotawanyika baada ya mnada. "Halafu pale Biharamulo tukakuta…" alisema. Georgina hakujua kamwe walikuta nini.

Alipofungua macho palikuwa peupe. Hapakuwa na ziwa wala mbingu, weupe tu unaopumua mlangoni. Mkono wa Mutalemwa ulikuwa juu ya tumbo lake, mzito, na wake mwenyewe ulikuwa umekufa ganzi chini ya kichwa cha mumewe. Mbali kabisa mstari mweusi ukajitokeza, ukapotea, ukarudi ukiwa na miti juu yake.

Bumbire ilikuwa inatoka. Ndiyo waliyoifuata. Georgina alifungua mdomo amwite, akaufunga. Kisiwa kilitoka chote, vilima vyake, mabati yaking'aa, mitumbwi ikakizunguka, na yeye akakitazama peke yake bila kusogeza hata kidole.

Jua lilipomfikia Mutalemwa usoni, alikunja uso. "Kimeshatoka?"

"Muda mrefu."

"Mbona hukuniamsha?"

Georgina aliuvuta mkono wake uliokufa ganzi, akaukunja na kuukunjua. Mutalemwa alimtazama, akatazama godoro chini yake, kisha akagusa kiuno chake taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukikuta hapo.

"Tukae mpaka kesho," alisema mwishowe. "Ila kesho uniamshe."

"Sikuamshi," alisema Georgina.