Kakatwa Maini

Nilikuwa nakata uvimbe wa paka, mdogo kama kokwa la zambarau, Talal alipopokea simu yangu. Nikamwambia bila kuweka kisu chini: "Kaka, Salem kakatwa maini."

"Na mie kanikata," akasema. Simu ikakatika.

Kazi yangu miaka ile, pale maabara ya Gombani, ilikuwa kutia vipande vya uvimbe kwenye vichupa na kuvipeleka ng'ambo, wataalamu wasome vinasaba waone kama hitilafu zinazoleta saratani kwa paka ndizo zinazoileta kwa watu. Nyingi zilifanana. Majibu yao niliyasoma, nikayatia kwenye jalada. Ukishinda na nyama mwaka mzima, hata maini huyasikia nyama tu.

Kaka zangu hao wawili hawakusemezana tangu uchaguzi. Kila mmoja na chama chake. Talal akahamia Shumba kwa wakwe zake, ambako jina la Salem halikutajwa. Jibu lake lilinichukiza, halikunishangaza. Nikasema moyoni, huyu hana ndugu. Sikumpigia tena.

Salem alipasuliwa Dar es Salaam, akaondolewa zaidi ya nusu ya ini. Daktari alisema litaota lenyewe, na kweli, mwezi wa tatu tangu apasuliwe picha ilionyesha limerudi karibu lote. Kila gari iliposimama nje Salem aliuliza, "Talal huyo?"

"Siye, kaka."

Mwezi wa tano saratani ikarudi, ikaota kwenye ini lile lile jipya. Wa sita tukamzika. Sikulia. Nilihesabiwa mwanamke mwenye subira, nami nikawaacha wanihesabu.

Talal aliisikia tanzia redioni, akafika watu wamesharudi makaburini. Alinikuta mlango wa uani.

"Kaugua nini?" akauliza.

"Si nilikwambia kakatwa maini?"

"Mie nkajua kakutuma, Wafa. Nkajua analalamika kwa yale maneno niliyomwambia wakati wa kura. Si ungesema kapasuliwa?"

Akaninyooshea mkono wa tanzia, kama wanavyofanya majirani. Nikaupokea.