STI ya Bi Mwanamkuu

Ukitaka kujua Subaru Impreza ipi ni ya kawaida, ipi ni WRX yenye turbo, na ipi ni STI, mkubwa wao wote, uliza mtu yeyote kwenye baraza letu la kahawa hapa Ilala. Atakuambia, "Msubiri Saif." Saif ni mimi. Wananiita Profesa, na nilikuwa naitika bila haya. Ningeweza kukutajia tofauti zake nimefumba macho: fenda za STI zimetuna, breki zake ni kubwa, juu ya boneti kuna tundu la kuvutia hewa. Tena nauza nembo na mapambo ya magari dukani kwangu Gerezani, Kariakoo, kwa hiyo nilijiona nimekamilika kila upande.

Nilichokosa ni gari lenyewe.

Nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji STI. Tulihitaji gari la kumpeleka mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, kliniki ya mgongo kule Upanga. Bajaji ilikuwa inamrusha kila tuta, akirudi analala kifudifudi na kulia chini chini. Mwisho akagoma. Akasema bora mgongo umuue nyumbani kuliko barabarani. Mke wangu Nasma akaniambia, "Baba Shahd, tafuta gari lolote, bora laini, mama arudi kliniki."

Gari lolote! Nikamjibu kuwa Profesa hanunui gari lolote. Yakaja ya kawaida, mazima kabisa, nikayakataa: hili halina turbo, lile watu watanicheka. Nikawa nasaka STI tu, na mama wa watu anaendelea kukosa kliniki, chumba cha pili kutoka kwangu. Niliona vibaya, sikatai. Lakini niliona vibaya zaidi kupita barazani na gari la kawaida.

Ndipo siku moja Nasma akaniambia kuna mtu anaitwa Allen, anauza STI karibu na Mchikichini. Sikumaliza hata chai.

Gari lilikuwa la buluu, lina nembo za STI mbele, nyuma, hata ubavuni. Tundu la hewa lipo juu ya boneti. Gia zake otomatiki. Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo, maana STI nyingi ni za gia za mkono. Mimi nikamweleza Allen, kwa sauti ili na wapita njia wanufaike, kwamba ziko chache za otomatiki na hii ni mojawapo.

"Duh, hiyo hata mi nilikuwa siijui," akasema.

Fenda hazikuwa zimetuna. Nililiona hilo. Nikajiambia labda ni kwa sababu gari limeegeshwa kwenye mteremko.

Allen akaishika boneti, akauliza kama nataka kuiona injini. Alaa! Profesa afunguliwe boneti kama mtu aliyeshuka mjini jana? Nikamzuia kwa mkono. Fundi pia sikumwita, kwa sababu hiyo hiyo; nikalipa, nikaondoka nalo. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini angalau yeye humwita mwenzake.

Asubuhi iliyofuata nikalitoa mbele ya nyumba nilioshe, kisha nikalipitishe barazani. Nikaisugua boneti kwa moyo wote. Lile tundu la hewa likabaki mkononi mwangu, kipande kizima cha plastiki. Nikatazama lilipotoka: bati zima, halina hata tobo la sindano. Lilikuwa limebandikwa kwa gundi. Nikafungua boneti, na saa hiyo ndipo nikauona umuhimu wa kufungua boneti. Injini ya kawaida, imetulia zake, turbo hakuna.

Nikampigia Allen nikifoka. Akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Broo, mi nilikuwa naiuza kama Impreza ya kawaida. Shemeji ndo alikuja na mfuko wa nembo na hilo tundu, akasema nibandike vyote. Kavitoa dukani kwako."

Nembo zangu mwenyewe! Ninazipanga kila siku kwenye kioo, nazifuta vumbi, nazisifu kwa wateja, na sikuzitambua.

Nikaingia jikoni nimeshika lile tundu. Nasma alikuwa anakuna nazi. Akalitazama, akaendelea kukuna.

"Nasma, umenifanya mjinga."

"Ningekwambia ni ya kawaida, ungeinunua?"

Nikaligeuzageuza lile tundu mkononi.

"Sema, Baba Shahd. Ungeinunua?"

"Nisingeinunua."

"Basi. Na mama angekuwa bado amelala mle ndani. Nilikubembeleza mpaka nikachoka." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Leo ni siku yake ya kliniki."

Niliona aibu, si ile ya kuchekwa, bali aibu yenyewe. Mke wangu alilazimika kunivisha kilemba cha ukoka ili nimhurumie mama yake. Nikatoka nje, nikabandua nembo moja moja. Gundi ikaacha mabaka yake.

Bi Mwanamkuu akaja akijishikilia ukuta. Nikamfungulia mlango wa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hili gari la mbio?"

"Hapana, mama. La kawaida tu."

Tulipofika barazani, rafiki yangu Mwinyimvua akasimama na kikombe chake, akainama dirishani. "Profesa! STI yenyewe iko wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeshaupanga vizuri. "Hakuna STI," nikasema. "Nimeshindwa kuitambua. Nampeleka mama kliniki."

Kicheko kilichozuka pale kilitufuata mpaka kona. Masikio yaliniwaka moto. Nikakaza macho mbele, nikalipanda tuta la kwanza kama niliyebeba mayai. La pili vivyo hivyo. Nikaogopa kugeuka kushoto, alipokaa mama.

"Saif," akaita Bi Mwanamkuu.

"Naam, mama. Umeumia?"

"Hata. Mbona unajikokota hivi? Kanyaga, baba, tutamkosa daktari."